Dawa Iliyokamatwa

Baba yangu alikuwa polisi kabla hajawa baba yangu, na sidhani kama mpangilio huo uliwahi kubadilika kichwani mwake. Alistaafu, akajenga nyumba Kyebando, hapa Kampala, akafuga kuku, akaanza kwenda kanisani bila kusukumwa, lakini kila asubuhi alikunja blanketi lake pembe kwa pembe kana kwamba mkaguzi yuko mlangoni. Hata saratani ilipomwingia mifupani aliizungumzia kama mshukiwa sugu. "Leo iko kwa mugongo," ananiambia. "Jana ilikuwa kwa paja. Hii kitu inajua kuhama." Nami namjibu aikamate basi, si yeye ndiye polisi.

Kiswahili tulichozungumza nyumbani kilikuwa hicho cha kambini. Sisi ni Walango, watu wa kaskazini, ila mimi nilizaliwa na kukulia katika kambi za polisi, ambako ukuta kati yako na jirani ni bati tu, na jirani mwenyewe anaweza kuwa Mteso, Mkakwa au Mganda. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kugombana na kupatana. Baadaye nilikwenda chuo nikajifunza kile cha vitabuni, na sasa nakifundisha katika sekondari moja huko Bukoto, kwa watoto wanaonitazama kana kwamba nawalisha mchanga. Baba aliisifu kazi yangu mbele ya wageni. Tukiwa wawili, nikithubutu kumsahihisha, alinikumbusha kwamba Kiswahili chake kimekamata wezi wengi kuliko changu.

Kwa muda mrefu kilichomtuliza maumivu ni vidonge vya tramadoli. Nilikuwa nainunua katika duka dogo la dawa karibu na kwetu, kama mtu anavyonunua kiberiti, na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi ya daktari. Sikuwa mteja peke yangu. Wabeba mizigo wa sokoni Kalerwe walikuwa wanaimeza asubuhi, malori ya matoke yanapofika, ili mzigo usionekane mzito. Ukirudi mchana unawakuta wamekaa juu ya magunia matupu, macho nusu wazi, inzi wakitembea midomoni mwao bila kufukuzwa. Nilikuwa nawapita na nyanya zangu mkononi na vidonge vya aina hiyohiyo ndani ya mkoba, na nilikuwa nawaogopa.

Halafu serikali ikaamka. Redio ikatangaza kwamba vidonge hivyo vinaingia nchini kwa magendo, vingine vimetengenezwa kwenye maabara zisizojulikana, na vijana wanakufa. Kuanzia sasa maduka madogo yasiweke tramadoli hata kidogo. Maduka makubwa ya mjini yatauza kwa karatasi ya daktari tu, na karatasi yenyewe inabaki hukohuko. Atakayekutwa nayo kinyume cha hapo, jela, na si jela ya kwenda na kurudi. Kwenye televisheni tukaonyeshwa maboksi yakichomwa moto, wakubwa wamesimama upande upepo unakotoka, wamefunika pua. Baba aliangalia yote hayo akiwa amekaa kwenye ukingo wa kiti. Mwisho akapiga makofi. "Kazi safi," akasema, kisha akaguna kwa maumivu, maana makofi yenyewe yalimtikisa bega. Nilicheka, naye akacheka.

Mimi sikuwa na ugomvi na amri yenyewe. Niliwaona wale vijana wa sokoni kwa macho yangu. Ugomvi wangu ni kwamba serikali yetu ikisikia panya ndani ya nyumba, inafunga milango yote kwa kufuli na kwenda zake, wala haiulizi ni nani amelala humo. Nilipokwenda dukani siku iliyofuata, mwenye duka, mama wa makamo niliyemzoea kwa utani, hakunitania. Aliinama juu ya meza.

"Nyabo, hiyo usiitaje kwa sauti. Hapa ilisha. Walikuja na gari, wakapekua mpaka kwa kitanda."

Nikamuuliza wagonjwa wafanye nini.

"Sijui. Lakini sikia mimi, usiende kutafuta huko kwa soko. Huko iko, tena mingi kuliko zamani. Ila ile ya sasa, banange, mimi siwezi kupa hata mbwa."

Ndipo akanisimulia habari ya mwendesha boda wa kituo cha pale chini. Mchana mweupe kijana alilala juu ya pikipiki yake, kichwa kwenye usukani, wenzake wakamcheka na kumpiga picha. Walicheka mpaka mteja alipomgusa bega akamkuta wa baridi. Nilitoka pale dukani nikiwa na panado mkononi, na habari ile sikumwambia Baba.

Hospitalini daktari alisema tramadoli ilikuwa imefika ukomo wake kwa ugonjwa kama ule hata bila amri. Wakati wa mofini umefika. Kwa wasiojua, hapa kwetu mofini ya wagonjwa ni maji yanayonywewa, hutolewa bure, na kuna wauguzi waliosomeshwa mahsusi na kuruhusiwa na sheria kumwandikia mgonjwa hata daktari asipokuwepo. Hiyo ni sera ya serikali hiyohiyo inayofunga watu. Nikasema asante Mungu, kumbe kuna mlango mmoja haukufungwa.

Sikuhesabu kwamba mlango huo ungefungwa na Baba mwenyewe. Muuguzi alikuja nyumbani, Mganda mpole mwenye viatu vya mpira, akatoa kwenye begi chupa ya plastiki yenye maji ya kijani. Baba aliitazama kama mtu anayemtambua mhalifu aliyenyoa ndevu.

"Hiyo ni nini, musawo?"

"Mofini, Mzee. Ya maumivu."

Baba akaniagiza miwani. Akaivaa, akaisoma karatasi ya kwenye chupa, akaivua.

"Mimi nilifunga watu juu ya hii kitu. Watu wazima, na bibi, na watoto. Nilivunja mulango yao. Sasa wewe naleta kwa nyumba yangu, tena na kijiko?"

"Mzee, hii ni ya serikari. Mimi niko na ruhusa."

"Ruhusa ya juzi," Baba akasema. "Mimi iko na ya zamani."

Alimpigia saluti, kwa heshima kabisa, na akamtaka aondoke na chupa yake. Nilimsindikiza yule dada hadi barabarani nikiwa na hasira. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Akaniambia nisigombane naye, kwamba wazee wengi wanakataa mwanzoni, maumivu yenyewe ndiyo yatakayomshawishi, na siku hiyo nimpigie simu. Niliporudi ndani nikamwambia Baba kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanijibu kwamba yeye hajaficha kitu, Kyebando nzima inamsikia akilia, ila hataki kufa mvuta unga. Jioni ile nilimnyima chai, naye hakuuliza.

Maumivu yalimshawishi kwa mambo mengine yote isipokuwa hilo. Aliacha kukunja blanketi. Aliacha kuwaita kuku. Alikuwa anauma kona ya mto ili mpangaji wetu wa nyuma asisikie, na mimi nilikuwa nafundisha ngeli za nomino Bukoto huku sikio langu likiwa Kyebando. Nilimpenda sana baba yangu na siku zile nilimchukia pia, na vyote viwili vilinichosha.

Hapo ndipo anapoingia koplo. Alipofika mara ya kwanza kituoni kwa Baba, miaka ya nyuma, alikuwa kuruta mwembamba kutoka kwetu kaskazini, hajui hata kufunga mkanda. Baba alimleta nyumbani akala jikoni kwetu kwa msimu mzima, akamfundisha kung'arisha viatu, kuandika maelezo ya mshukiwa, na kusimama mbele ya hakimu bila kutetemeka. Mpaka siku hizo alimwita Afande, na mimi dada. Sasa alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto katika kambi moja ya mjini, na kazi yake ilikuwa ulinzi wa stoo ya vidhibiti, egizibiti kama wasemavyo wenyewe, yaani mali iliyokamatwa ikisubiri kesi. Alikuja kumwona Baba wiki moja, akamkuta analia. Alisimama akiangalia ukuta mpaka Baba alipomaliza, akaaga, akaondoka bila kunywa chai.

Jumamosi iliyofuata, mchana, akarudi. Lazima nieleze hapa desturi ya kambini, maana mtu wa nje ataona ni wazimu. Kambini dawa hainyimwi. Kila nyumba ina kopo, la siagi au la maziwa, lenye vidonge vilivyobaki katika magonjwa yaliyopita, na mtoto wa jirani akiungua homa unafungua kopo kabla ya kufungua mdomo. Askari akirudi kutoka Somalia, ataulizwa kwanza dawa alizopewa huko, ndipo aulizwe habari za vita. Ukipata nzuri unagawa. Ukienda kumwona mgonjwa hauendi mikono mitupu, na mtu aliyekula jikoni kwako ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote. Ndivyo tulivyoishi, na sijawahi kuona watu wakarimu kama wale.

Koplo alitoa kwenye koti bahasha ya kaki.

"Afande, nimepata dawa. Ile ile yako."

Baba alijiinua kwa kiwiko. "Natoka wapi?"

"Kwa stoo, Afande. Egizibiti. Kesi iliisha, watu walifungwa. Sasa inangoja kuchomwa tu. Nikasema, ichomwe na Afande analia?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nikaweka chini. "Ilikamatwa kwa nini kama ni nzuri?"

Koplo akanigeukia kwa subira, kama anayemweleza mtoto. "Dada, hapana dawa ndiyo ilikamatwa. Ni watu. Ile watu ndiyo walikuwa wabaya."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Na sasa imepita kwa mukono ya serikali," akasema. "Hapana ile ya soko."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naona jinsi ilivyokuwa na mantiki kwake. Chupa ya kijani, iliyoletwa na muuguzi mwenye ruhusa, ilikuwa uhalifu. Vidonge vilivyotolewa kwenye shehena ya walanguzi vilikuwa safi kwa sababu polisi wameviweka kwenye rafu. Maisha yake yote alikuwa ameona vitu vichafu vikiingia upande mmoja wa kituo na kutoka upande wa pili vikiwa na muhuri. Aliuamini muhuri.

Nilichukua kadi moja ya vidonge nikaipeleka dirishani. Jina lilikuwa lilelile na rangi ileile, ila maandishi yalikuwa yameegemea upande, kama ya mtu aliyeandika akiwa kwenye gari. Nikatoa kidonge kimoja. Kilivunjika unga kabla sijakibana. Cha pili kilikuwa kigumu kama changarawe. Nikawaonyesha.

"Wewe ni mwalimu," Baba akasema. "Unatafuta makosa kila pahali."

Koplo akacheka. Nilimpigia simu yule muuguzi, simu yake imezimwa. Niliporudi chumbani bahasha ilikuwa tayari ndani ya mfuko wa shati la Baba, na kifungo kimefungwa. Nikamwambia anipe. Akaniuliza kama nina hati ya upekuzi.

Alimeza kimoja jioni ile, mbele yangu, kwa ukaidi. Nilikaa naye nikimwangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wa mtihani. Hakuna baya lililotokea. Alikula. Akaomba kuongezewa. Akanisimulia habari ya mwizi wa mbuzi aliyekamatwa kwa sababu mbuzi alimwita, na alipocheka hakushika ubavu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema akimaanisha koplo. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Lakini nikivisha mto foronya safi niligundua kwamba nasikiliza pumzi zake, na nikashindwa kuacha kuzisikiliza.

Jumapili alitaka kwenda kanisani, tukaenda. Aliporudi alikuwa amechoka na mgongo umemrudia. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye, kwamba alimeza kimoja, akangoja, hakikufanya kitu, kana kwamba ni chaki. Akameza cha pili. Akangoja kidogo. Akameza na cha tatu juu yake.

Nilitoka barazani kumwita ale. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kidevu kifuani. Kuku mmoja alikuwa anadonoa kamba ya kiatu chake, naye hakumfukuza. Alikoroma mkoromo mmoja mrefu, kisha kimya. Nikangoja mwingine. Haukuja. Nikaona midomo yake imekuwa na rangi ya jivu, na papo hapo nikamkumbuka yule kijana wa boda na wenzake wakimcheka.

Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Aliyekuja ni jirani yetu Mkongomani, mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa Bukavu, ambaye kwa bahati gari lake lilikuwa uani kwa sababu ni Jumapili.

"Mama, muzee iko napumua?"

"Kidogo. Sijui."

"Tumubebe. Sasa hivi. Mutie kichwa huku, hivi, asimeze ulimi."

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Njia nzima nilikuwa nampiga makofi mashavuni, baba yangu, mtu ambaye sijawahi hata kumjibu kwa sauti nikiwa mdogo, na kila kofi lilimfanya avute pumzi moja. Tulipita Kalerwe watu wakinunua kabichi. Jirani alikuwa anapiga honi na kuomba Mungu kwa pamoja, na alipopata foleni alipanda juu ya ukingo wa barabara bila kuomba radhi kwa mtu.

Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa uchovu. Alimfunua Baba jicho, akaona mboni imebaki nukta. "Amekula nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama askari wa zamu. Nilimfikiria koplo. Nilimfikiria mkewe akitolewa kambini na magodoro, maana mume akifungwa familia haibaki. Halafu nikaitoa kwenye mkoba ile kadi niliyobaki nayo tangu Jumamosi, nikaiweka kiganjani mwa daktari. Aliigeuza mara moja tu.

"Hizi tena," akasema.

Alimdunga sindano. Tukangoja. Akamdunga nyingine. Baba akarudi kwa ukelele mmoja mkubwa uliowageuza watu shingo, kwa sababu sindano iliyomrudishia pumzi ilimrudishia na maumivu yote kwa mkupuo. Alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma. Nililia kwa furaha na kwa huruma, sikujua kipi kinazidi.

Baadaye, akiwa ametulia kidogo, daktari alinivuta kando. Alisema hiyo haikuwa tramadoli. Vidonge vya namna hiyo vilivyoletwa na wagonjwa waliotangulia vilikuwa vimepimwa, na ndani yake kuna kitu kingine kilichotengenezwa maabara, kikali kuliko mofini, kinachochanganywa ovyo kama saruji ya fundi mlevi. Kidonge kimoja hakina kitu, cha pili kina kiasi cha kukulaza, cha tatu kinakuzika. Tangu ile halisi iondolewe madukani, wanaouza hii ndio wamebaki na wateja wote. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, akaniuliza vimetoka wapi. Nikasema nitamuuliza mgonjwa.

Jumatatu asubuhi nilimpigia koplo aje hospitali, sikumwambia zaidi. Baba alikuwa ameegemezwa mito. Muuguzi wa wodi alikuwa amemtilia mdomoni mofini ya kijani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na Baba aliitazama ikija, akaimeza, akafuta mdomo kwa shuka. Niliogopa kumtania. Koplo akaingia saa tano hivi akiwa na sare yake na mfuko wa machungwa. Nilitaka kumzaba kibao, machungwa na yote. Baba akaniinulia kidole nibaki nilipo.

"Koplo."

"Afande."

"Simama vizuri."

Koplo akaweka mfuko sakafuni akasimama wima, visigino pamoja, pale kati ya vitanda, wagonjwa wengine wakiangalia. Baba akamweleza kwa maneno machache vidonge vilifanya nini. Sauti yake ilikuwa ileile niliyokuwa naisikia utotoni kupitia dirisha la ofisi yake, ya chini, isiyo na haraka. Niliona jasho likitokeza juu ya mdomo wa koplo.

"Afande, nisamehe. Mimi hapana jua. Naapa kwa Mungu."

"Najua hapana jua. Ukitoka hapa unaenda kwa mukubwa wako, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, unasema yote. Ile stoo ifungwe leo. Umesikia?"

"Ndiyo, Afande." Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta, maana alikuwa bado amesimama kwa heshima. Alijua kuliko mimi na Baba ni miaka mingapi inamngoja.

"Sasa jibu swali langu. Ulipatia nani mwingine?"

Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Usiku kucha nilikuwa nimemfikiria baba yangu tu, na hapo ndipo nilipoona kopo, na jirani, na jirani wa jirani.

"Koplo. Nimeuliza."

"Sajini mumoja, Afande. Ya mugongo."

"Piga."

Akatoa simu akapiga. Sajini akapokea, akasema alimeza kimoja kikamtapisha, akatupa vyote chooni. Baba akafumba macho, akafumbua.

"Mwingine."

"Bibi ya jirani. Alipasuliwa juu ya mutoto."

"Piga."

Mume akapokea. Mkewe alikuwa hajavimeza, anaogopa kwa sababu ananyonyesha. Koplo akamwambia avichome, avichome sasa hivi, na alipokata simu alipumua kwa kishindo. Hata mimi nilijikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nilianza kuamini kwamba Mungu wa makambi yupo.

"Mwingine," Baba akasema.

"Wameisha, Afande."

Baba aliendelea kumwangalia. Alikuwa amehoji watu kwa maisha yake yote, na alijua uzito wa jibu linalokuja upesi. Koplo akaangalia machungwa yake.

"Mama yangu," akasema. "Nilimtumia na basi, Ijumaa. Goti yake inamusumbua."

"Piga. Weka sauti tusikie."

Mama yake anaishi kijijini, mbele ya Lira, mahali ambapo mtandao unakamata ukisimama pembeni mwa ghala. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kidole kikitafuta namba kana kwamba hakijawahi kuibonyeza. Ikaita. Ikaita. Kisha ikapokelewa, na sauti ya mama mtu mzima, changamfu, ikamwagika wodini kwa Kilango, lugha yetu, kwa hiyo mimi na Baba tulisikia kila neno.

Alimshukuru mwanawe. Alimbariki. Alisema dawa yake imefika salama na dereva ni kijana mwenye adabu. Koplo akamkatiza, akamuuliza kama amemeza.

"Mimi bado," mama akasema. "Goti langu linaweza kungoja. Nilimpa shangazi yako jana jioni, jino lilikuwa linamtesa, hajalala siku nyingi. Dawa yako ni nzuri, mwanangu, mpaka sasa hivi amelala. Tumewakataza watoto wasimpigie kelele."